Kufuli la Fundi Mkuu

Neno alilolichukia Fundi Mkuu kuliko tusi ni "imezimwa." Ukimwambia laini ya umeme imezimwa, alikuwa anakutazama, kisha anauliza, "Umepima?" Kama hukupima alirudi kukaa, akakunja mikono, na kazi ikasimama hata kama meneja anapiga kelele mlangoni. Hakuwa na haraka na mtu asiyepima.

Nilimfahamu kwa misimu miwili ya pamba, katika kiwanda kimoja cha kuchambua pamba nje ya mji wa Bariadi. Nilikuwa nasoma uhandisi wa umeme chuo kikuu, Dar es Salaam, na kila mwaka tulitakiwa kwenda mafunzo kwa vitendo. Wenzangu walitafuta nafasi mjini kwenye ofisi zenye viyoyozi. Mimi nilirudi kwetu Mwamapalala, kwa sababu kutoka pale hadi kiwandani ni karibu, na kwa sababu sikupata kwingine. Kila mtu pale alimwita Fundi Mkuu, kuanzia meneja mpaka akina mama waliofagia mbegu. Hata mke wake alimwita hivyo. Jina lake nililiona mara moja tu, kwenye sahihi.

Siku ya kwanza aliniongoza mpaka kwenye bodi ya swichi, akafungua kifuniko, akanionyesha nati tatu za shaba.

"Mayu," aliniita, kama Wasukuma wanavyomwita mwanamke kwa heshima, "unasoma umeme mwaka wa ngapi?"

"Nimemaliza wa pili."

"Hapa pana umeme?"

Nikatazama swichi. Ilikuwa imeshushwa. Nikasema hapana.

"Basi weka mkono."

Nikanyoosha mkono. Akanidaka kifundo cha mkono kabla sijafika, akanishika kwa nguvu mpaka nikasikia maumivu. Kwa mkono wake mwingine akagusisha testa kwenye ile nati ya katikati, na taa yake ndogo ikawaka.

"Kuna mtu aliwahi kuunga waya wa pili kwa nyuma, hakumwambia mtu," alisema. "Swichi inakupa habari za waya mmoja. Huo mwingine haina habari nao."

Mpaka saa ya chai nilikuwa bado nautazama mkono ule. Aliniona, na hakunipa pole.

Alikuwa mtu mfupi, amefunga vifungo vyote vya koti la kazi mpaka shingoni hata kwenye joto la saa nane. Ikifika mchana nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa nyuzi za pamba, na hakujipangusa mpaka jioni. Sikio lake la kulia lilikuwa limekufa kwa makelele ya mashine, kwa hiyo ukiongea naye ilibidi uhamie kushoto. Lakini mota alizisikia kuliko wote. Aliweka ncha ya bisibisi kwenye mwili wa mota, na mpini wake kwenye mfupa nyuma ya sikio lile lile lililokufa, akafumba macho. Baadaye alisema, "Beringi ya huku ina siku tatu." Mara moja ilikufa siku ya pili, akasikitika kwamba amekosea.

Kupima kwake kulikuwa kwa mara tatu. Kwanza aligusisha testa mahali anapojua pana umeme, aone kama testa yenyewe ni nzima. Kisha pale anapotaka kufanya kazi. Kisha alirudi tena pale pa kwanza, asije akawa amedanganywa na testa iliyokufa katikati ya safari. Mwaka uliofuata nilikuta utaratibu ule ule kwenye kitabu cha chuo, umechorwa vizuri, na mhadhiri akaupita kwa dakika mbili. Mimi niliandika kurasa nne.

Sheria yake ya pili ilikuwa ya kufuli. Mtu yeyote anayeingia kusafisha mashine alipaswa kushusha breka, yaani swichi kuu ya mashine hiyo, kuifunga kwa kufuli kwa mkono wake mwenyewe, na kuingia na ufunguo mfukoni. "Ufunguo hauachwi kwa rafiki," alisema. "Hata kwa ndugu yako hauachwi. Ndugu yako naye anakwenda kujisaidia."

Watu walimwona ni mkali asiye na utu. Wapo waliosema ana roho ya kizungu. Lakini mimi nilikaa naye karibu, na nilimwona mambo mengine.

Alikuwa anaogopa radi. Mtu aliyefungua transfoma na kulala chini yake, ikinguruma radi upande wa Itilima alikuwa anatafuta pa kujificha. Mvua ya kwanza ilinikuta nyumbani kwake Kasoli, siku aliyonialika kula ugali na mlenda. Ghafla akainuka, akageuza kioo kikatazama ukuta, akamwambia mke wake aondoe kitenge chekundu kwenye kamba, visije vikaita radi. Juu ya mlango palikuwa na kifurushi cha dawa kimefungwa kwa ngozi.

Nikacheka. Nikamwambia, "Fundi, wewe mwenyewe umefunga chuma cha kukinga radi pale kiwandani. Unajua ni umeme tu."

Hakucheka. "Umeme wa kiwandani nimeushika," alisema. "Najua unatoka wapi na unakwenda wapi. Ule wa juu nani amewahi kuuwekea kufuli?"

Tena aliwadharau wasomi, na alitamani usomi kuliko mtu yeyote niliyemjua. Alikuwa na vyeti vya ufundi tu. Msimu ule wa kwanza nilikuja na mzigo moyoni: nilikuwa nimefeli somo la mitambo ya umeme, na nilitakiwa kurudia mtihani kabla chuo hakijafungua. Nikifeli tena, nadisko, yaani narudi nyumbani moja kwa moja bila shahada. Baba yangu aliuza ng'ombe ili nisome, na kijijini walikuwa wanaulizana msichana anasomea nguzo za umeme za nini. Sikumwambia mtu. Fundi Mkuu aligundua kwa sababu nilikuwa najificha nyuma ya ghala na daftari saa ya chakula.

Alichukua daftari, akalitazama.

"Hii herufi j ni nini?"

"Ni namba ya kufikirika."

"Ya kufikirika maana yake haipo?"

"Haipo kama mawe yalivyopo. Lakini ukiiacha nje ya hesabu, mota inaungua."

Akanirudishia daftari. "Basi ipo," akasema.

Tangu siku ile tulifanya biashara ya kubadilishana. Saa ya chakula nilimfundisha hesabu, naye baada ya kazi alinifunulia mota zilizoungua. Alinifanya nitoe waya wote wa shaba kwa mkono, nihesabu mizunguko, nisuke upya. Nikikosea mzunguko mmoja alikata kazi yote kwa koleo, bila neno, nikaanza tena. Nililia mara mbili. Mara ya pili alinisubiri nimalize, akanisogezea koili mpya. Niliporudia mtihani ule, swali la tatu lilikuwa juu ya kitu nilichokuwa nimekisuka kwa vidole vyangu. Nilifaulu. Nilimpigia simu kutoka Dar es Salaam, akasema, "Haya, mhola," yaani salama tu, akakata. Mke wake aliniambia baadaye kwamba siku hiyo alinunua nyama.

Nayaeleza haya ili ieleweke alikuwa nani kwangu, na kwa nini jambo la msimu wa pili limenikalia mpaka leo.

Ulikuwa mwisho wa msimu. Malori yalikuwa yamepanga foleni mpaka barabarani, robota za pamba zimelala nje bila turubai la kutosha, na mawingu yalikuwa yanakusanyika kila alasiri. Meneja alikuwa halali. Alitembea uwanjani na simu sikioni akiwaambia wakubwa zake kwamba mambo yako sawa, kisha akija kwetu anatufokea kwamba mambo yameharibika.

Siku hiyo mambo mawili yalikwama kwa pamoja. Mota ya feni kubwa ilianza kutoa harufu. Na kule chini, kwenye mfereji wa chuma wenye skrubu ndefu inayosukuma mbegu kwenda ghalani, mbegu zilishikamana na mashine ikasimama. Mfanyakazi aitwaye Maduhu ndiye aliyekuwa akiingia kusafisha mfereji ule. Alikuwa kijana wa Kasoli, mwenye mke na mtoto mchanga, mtu wa maneno machache.

Makufuli yalikuwa mawili, lakini moja ufunguo wake ulikuwa umevunjikia ndani wiki ile, na jipya lilikuwa bado halijaletwa. Lile zima Fundi Mkuu alilifunga kwenye feni, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa anaingiza mikono huko. Kwa skrubu ya mbegu hakukuwa na kufuli.

Alisimama kidogo akiwaza. Nilimwona akiwaza. Meneja alikuwa nyuma yake anasema, "Fundi, mvua hiyo. Fundi, mvua hiyo." Fundi Mkuu akashusha breka ya skrubu, akapima mara tatu, akaniita.

"Mayu, simama hapa mbele ya bodi. Mtu asiguse breka hii mpaka Maduhu atoke. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Usiondoke."

"Siondoki."

Maduhu akanitazama, akashuka mferejini. Fundi Mkuu akapanda ngazi kwenda kwenye feni, upande wa pili wa jengo.

Nilisimama labda dakika kumi. Kisha meneja akatokea kwenye mlango wa ofisi. "Wewe mwanafunzi! Mizani ya malori imezima. Lete ile mita ya kupimia umeme."

Nikamwambia nimeambiwa nikae hapa.

"Hatua thelathini," akasema. "Lete mita urudi. Au unataka nikuandikie nini kwenye fomu yako ya chuo?"

Nilikwenda. Sina la kuongeza. Niliona ni hatua thelathini, nikaona breka imeshuka, na kichwani mwangu nikasema imezimwa.

Mwendesha mashine alikuwa ametoka kunywa chai. Aliporudi alikuta bodi haina mtu, breka haina kufuli, na alikuwa amekwisha fokewa mara tatu asubuhi ile kwa kuchelewesha. Akapandisha breka, akabonyeza kitufe cha kijani. Nilikuwa mlangoni kwa meneja, mita ikiwa mkononi, niliposikia skrubu ikianza kuzunguka. Halafu nikasikia sauti ya Maduhu.

Maduhu alipoteza mkono wa kulia, kuanzia juu kidogo ya kifundo. Fundi Mkuu ndiye aliyefika kwanza. Sijui alishukaje ngazi ile. Alimfunga kwa mkanda wa suruali yake mwenyewe, akambeba na wenzake mpaka kwenye gari la meneja, akaenda naye hospitali. Mimi nilibaki nimesimama pale pale mbele ya bodi, mahali nilipotakiwa kuwa, na hakuna aliyeniuliza kitu.

Baada ya siku mbili walikuja wakaguzi. Tuliitwa ofisini: meneja, mwendesha mashine, Fundi Mkuu, na mimi. Mkaguzi mmoja alikuwa na karatasi. Aliuliza, "Nani alikuwa analinda bodi?"

Nilifungua mdomo. Nakumbuka kabisa kwamba nilifungua mdomo.

"Mimi," akasema Fundi Mkuu.

"Na uliondoka?"

"Niliondoka."

"Kwa nini?"

"Feni ilikuwa inaungua. Niliona nitawahi kurudi."

Nilimtazama meneja. Meneja alikuwa anatazama meza. Yeye alijua nani aliyeniita, na maneno yale yalimfaa. Mwendesha mashine hakuona nani alikuwa pale kabla. Mkaguzi akaandika. Mimi nikafunga mdomo.

Jioni nilimfuata Fundi Mkuu karakana. Alikuwa anapanga vifaa vyake kwenye sanduku, kwa sababu alikwisha ambiwa asije kesho.

"Fundi, nitakwenda kuwaambia."

"Utawaambia ili iwe nini?"

"Ili wajue."

"Leta daftari lako la mafunzo."

Kila siku tulitakiwa kuandika kazi tuliyofanya, na fundi anatia sahihi. Ukurasa wa siku ile ulikuwa mtupu. Akasema niandike. Nikaandika kama alivyowaambia wakaguzi, kwamba fundi aliondoka kwenye bodi. Niliandika bila kufuta neno, na jambo hilo ndilo linalonitisha hata sasa. Akavaa miwani, akasoma polepole kwa kidole, akachukua kalamu yangu, na badala ya alama yake fupi ya kila siku akatia sahihi kwa jina kamili. Hapo ndipo nilipoliona jina lake.

Nilirudi chuoni. Msimamizi wangu alinipa alama nzuri kwa daftari lile, akasifu hasa jinsi nilivyoeleza usalama. Mwaka wa nne nilisoma kama mtu anayekimbizwa. Sikumpigia simu. Mwanzoni nilisema nitampigia baada ya mtihani, kisha baada ya mradi wa mwisho, kisha baada ya mahafali. Baba alichinja mbuzi, kijiji kikaja, wazee wakanipongeza. Nilitafuta sura yake kati ya wageni huku nikijua sikumwalika.

Nilipata kazi katika kampuni inayojenga laini za umeme vijijini, na mwaka huu ikanipeleka Busega, upande wa Kiloleli. Siku moja tulikuwa tunaweka nguzo, fundi wetu akawa juu ya nguzo, na kijana wa chini akanijibu kwa redio, "Mhandisi, imezimwa." Nilisimamisha kazi yote. Nilimshusha yule fundi, nikaenda kupima mwenyewe. Ilikuwa imezimwa kweli, hapakuwa na hatari yoyote. Lakini sikuweza kurudi kwenye kazi, nikakaa kwenye gari, na Jumapili iliyofuata nikaendesha mpaka Kasoli.

Nilimkuta mbele ya nyumba yake akifungua pampu ya maji. Sasa alikuwa anatengeneza pampu na mashine za kusaga, kazi zilizokuja na zisizokuja. Alikuwa amekonda. Nilipiga magoti nikamsalimia, naye akaitikia bila haraka, akanionyesha stuli upande wa kushoto.

"Nimekuja kuhusu siku ile," nikasema. "Ulinisemea uongo, na mimi nikauandika."

Aliweka spana chini.

"Sikusema uongo mkubwa kama unavyofikiri," akasema. "Walitaka kujua kosa ni la nani. Kufuli lilikuwa kazi yangu. Nilimweka mtu mahali pa kufuli. Mtu anaitwa, anageuka, anakwenda. Nilijua hivyo miaka yote, na siku ile nikafanya, kwa sababu ya mvua."

"Lakini niliondoka mimi."

"Uliondoka wewe."

Ilikuwa mara ya kwanza mtu yeyote kusema maneno hayo kwa sauti. Nilidhani yangenipa nafuu. Hayakunipa.

"Nisamehe, Fundi."

"Mimi nina mikono miwili," akasema, akainuka. "Twende."

Maduhu alikaa si mbali, kama mwendo wa robo saa kwa miguu. Tulimkuta akipalia bustani ya mchicha kwa jembe fupi, ameshikilia mpini kwa mkono wa kushoto na kuubana kwa kigutu cha kulia. Alipotuona alinyooka. Alimsalimia Fundi Mkuu kwa heshima, akaniletea kiti. Nikakataa kukaa.

Nikamwambia. Nilimwambia vibaya, maneno yakigongana, meneja, mizani, hatua thelathini. Nilipofika mwisho alikuwa bado ananitazama kwa utulivu ule ule.

"Nilikuona," akasema.

Sikuelewa.

"Pale ndani ya mfereji kuna uwazi chini, sawa na upana wa kiganja. Nilikuwa naona buti zako. Nikaona zinageuka, zinakwenda. Nikasema ngoja nitoe hili bonge moja la mwisho, nitoke."

Fundi Mkuu alikuwa amesimama kando yangu. Nilimsikia akivuta pumzi.

"Ulijua?" akamuuliza Maduhu. "Miaka yote hii?"

"Nilijua, baba."

"Kwa nini hukusema?"

"Nililetewa habari hospitalini kwamba wewe umesema ni wewe. Mkubwa akishasema mbele ya serikali, mimi nimbishie nikiwa kitandani? Nikaona una sababu yako. Na huyu angefukuzwa chuo, mkono usingerudi." Akanigeukia. "Lakini nilikuwa nakungoja. Kila msimu nilisema atakuja. Ulichelewa sana, dada."

Fundi Mkuu akakaa chini, juu ya udongo, na koti lake limefungwa vifungo vyote. Sikuwahi kumwona akikaa chini.

Nilikuwa nalia, na Maduhu akaniacha nilie. Kisha akasema kuna mtu mmoja ambaye hajui. Akaita kuelekea jikoni. Mke wake akatoka, anafuta mikono kwenye kanga, mtoto wa miaka mitatu nyuma yake. Alinisalimia mimi. Fundi Mkuu hakumsalimia, akampita kama vile pale alipokaa hapana mtu, na kwa jinsi Fundi Mkuu alivyoinamisha kichwa kabla mwanamke hajamfikia, nilielewa kwamba ndivyo walivyokuwa wakipishana sokoni na njiani kwa miaka hii yote.

"Kaa, mama," Maduhu akamwambia. "Huyu ni mhandisi. Ana jambo. Atalianza upya, na utalisikia lote."

Akakaa. Akampakata mtoto. Nikafuta uso kwa mkono, nikahakikisha sauti yangu itafika mpaka pale alipokaa Fundi Mkuu, hata kwenye sikio lile bovu, nikasema:

"Aliyekuwa kwenye bodi siku ile ni mimi."